Ramón y Cajal: Mtukutu aliyezichora breki za ubongo bila kuzijua

MNAMO Mei 1888, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Barcelona, Uhispania, alichapisha jarida ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilisubiri. Lilikuwa na nakala 60 pekee. Gharama ya uchapishaji aliilipa kutoka mfukoni mwake, makala aliziandika mwenyewe, na michoro aliichora kwa mkono wake. Kisha akazituma nakala hizo kwa mabingwa wa elimu ya mwili barani Ulaya, wengi wao wakiwa hawajawahi kulisikia jina lake wala hawajui Kihispania.

Makala moja katika toleo hilo ilihusu ubongo mdogo wa ndege, yaani ile sehemu iliyo nyuma ya kichwa ambayo husawazisha mwendo wa mwili. Mwandishi alikuwa ameona chini ya hadubini kuwa zipo seli ndogo ambazo nyuzi zake hushuka na kuyazingira matumbo ya seli kubwa za jirani, mithili ya kikapu kilichofumwa kulizunguka yai. Kikapu hicho kililigusa yai, lakini hakikuungana nalo.

Jina la profesa huyo lilikuwa Santiago Ramón y Cajal, naye alikuwa na umri wa miaka 36. Alichokuwa amekichora, pasipo kujua, ni breki za ubongo. Miaka 75 ilipita kabla ya watafiti kuonyesha kwa vipimo vya umeme kwamba vikapu hivyo kazi yake ni kuzituliza seli kubwa, wala si kuzichochea. Na ilikaribia karne nzima kabla ya kupatikana kwa njia ya kuaminika ya kuzitambua seli za aina hiyo kwa protini zilizomo ndani yake. Kufikia wakati huo mchoraji mwenyewe alikuwa kaburini kwa miongo mingi.

Cajal alizaliwa Mei 1, 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Uhispania. Babake, Justo Ramón, alikuwa mtu aliyejiinua kutoka umaskini mkubwa. Alianza maisha akiwa kinyozi aliyefanya pia upasuaji mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo, akajinyima hadi akasomea udaktari, na hatimaye akafundisha elimu ya maumbile ya mwili mjini Zaragoza. Mzee wa namna hiyo hakuwa na subira na mtoto mvivu, na Santiago alionekana kuwa mvivu wa kupindukia.

Kijana alipenda jambo moja tu, nalo ni kuchora. Alichora ukutani, alichora pembezoni mwa vitabu, alichora watakatifu na mapigano. Babake aliiona sanaa kuwa njia ya mkato ya kufa njaa. Walipokuwa wakiishi katika mji wa Ayerbe, mzee aliamua kutafuta uamuzi wa mtaalamu ili amalize ubishi. Kwa kuwa mji haukuwa na msanii, alimwendea fundi aliyekuwa akipaka kuta za kanisa chokaa na rangi, akamwonyesha picha ya Mtume Yakobo iliyochorwa na mwanawe. Fundi aliitazama, akasema haina lolote. Hukumu ya mpaka chokaa ikawa sheria ya nyumba, na penseli zikapigwa marufuku.

Marufuku hiyo haikumtuliza. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, Cajal aliunda mzinga kwa gogo la mti, akaushindilia baruti na mawe, akaulenga lango la shamba la jirani. Lango lilivunjika. Mvulana akatiwa korokoroni kwa siku kadhaa, na inasimuliwa kuwa babake aliridhia adhabu hiyo. Shuleni alichapwa na kunyimwa chakula, akatoroka, akarudishwa. Mzee akajaribu kumtia adabu kwa kazi: kwanza akamweka kwa kinyozi, kisha kwa fundi wa viatu. La kushangaza ni kwamba ushonaji wa viatu aliumudu vyema, pengine kwa sababu ulihitaji jicho na mkono.

Aliyemkomboa hatimaye ni yule yule babake, na kwa njia ambayo wazazi wengi wa leo wasingethubutu kuitumia. Katika kiangazi cha 1868, wawili hao waliingia usiku kwenye makaburi ya zamani wakaokota mifupa iliyokuwa imezagaa, ili kijana ajifunze umbo la mwili kwa kuishika na kuichora. Kwa mara ya kwanza penseli ikawa halali. Cajal aligundua kwamba mfupa una uzuri wake, na kwamba asiyeuchora hajauona. Baba na mwana waliokuwa wameshindana kwa miaka mingi walipatana juu ya mafuvu ya watu wasiowajua.

Alihitimu udaktari Zaragoza mwaka wa 1873, na mara moja akaandikishwa jeshini. Mwaka uliofuata alipelekwa Cuba, wakati huo ikiwa koloni la Uhispania lililokuwa vitani kudai uhuru. Daktari huyo kijana hakuona mapigano mengi, bali aliona vinamasi, mbu na wagonjwa. Yeye mwenyewe aliugua malaria na kuhara damu, akadhoofika hata akaruhusiwa kurejea kwao mnamo 1875 akiwa amebaki mifupa mitupu. Alichotoka nacho Cuba ni afya mbovu na malimbikizo ya mshahara. Pesa hizo alizitumia kununua hadubini. Miaka michache baadaye kifua kikuu nacho kilimwangusha, akapona kwa shida.

Mnamo 1879 alimwoa Silveria Fañanás, mwanamke ambaye historia imemtaja kidogo mno kuliko anavyostahili. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na mshahara mdogo, na sehemu ya mshahara huo iliishia kwenye kemikali, vioo na matbaa. Bila ya mkono wa mama huyo katika kuendesha nyumba, ni vigumu kuona jinsi jarida la nakala 60 lingaliweza kuchapishwa.

Cajal alipata uprofesa mjini Valencia, na mwaka wa 1885 kipindupindu kilipozuka huko aliacha kila kitu akachunguza viini vya ugonjwa huo. Wakuu wa mkoa wa Zaragoza, waliomwomba ripoti kuhusu janga hilo, walimshukuru kwa kumpa hadubini mpya ya kampuni ya Zeiss. Kwa mtu aliyekuwa akifanya utafiti kwa kifaa cha bei rahisi, zawadi hiyo ilikuwa kama kuondolewa utando machoni.

Siri ya madini ya fedha

Ili kuelewa kilichofuata, ni muhimu kujua hali ya elimu ya ubongo ilivyokuwa zama hizo. Ubongo ni kitu laini na cha rangi moja. Ukikatwa kipande chembamba na kutiwa rangi za kawaida, huonekana kama kichaka kizito ambacho hakuna awezaye kusema tawi hili ni la mti upi. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi waliamini kuwa neva zote zimeungana na kuwa wavu mmoja usiokatika.

Mwitaliano Camillo Golgi alikuwa amepata njia ya kupenya kichaka hicho mwaka wa 1873. Alikilowesha kipande cha ubongo ndani ya dikromati ya potasiamu, kisha ndani ya nitrati ya fedha. Kwa sababu ambazo hata leo hazijaeleweka kikamilifu, seli chache tu zilinywa fedha hiyo zikawa nyeusi tititi, kuanzia shina hadi ncha ya tawi, ilhali maelfu ya jirani zake zilibaki bila rangi. Kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa fadhila yake: lau zote zingekuwa nyeusi, kusingeonekana chochote. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa na ukaidi mwingi, leo ikikubali na kesho ikikataa, hivyo wengi wakaipuuza.

Mwaka wa 1887, daktari Luis Simarro wa Madrid alimwonyesha Cajal vipande vilivyotiwa fedha kwa njia ya Golgi. Cajal alipigwa na butwaa. Alirudi nyumbani akaanza kuirekebisha. Kwanza, alirudia kulowesha mara mbili badala ya mara moja. Pili, na hapa ndipo akili yake ilipong'aa, aliacha ubongo wa mnyama mzima akachukua wa vifaranga na vijusi. Hoja yake ilikuwa nyepesi: anayetaka kujua umbo la mti asiingie msitu mkongwe, bali aingie kitaluni, ambako miche ni michache na haijasongamana. Katika ubongo mchanga, nyuzi za neva hazijavikwa ile ala ya mafuta inayozuia fedha kupenya.

Alihamia Barcelona mwaka huo huo. Huko, kabla ya kazi kumteka, alizama katika mchezo wa sataranji hadi ukaanza kumla muda na usingizi, akalazimika kuuacha kabisa. Kisha ukaja mwaka wa 1888. Kila kipande alichokitazama kilimwambia jambo lile lile: nyuzi hukoma. Hukaribiana, hukumbatiana, lakini kila seli ya neva ni kiumbe kinachojitegemea. Katika makala hiyo ya ndege aliona pia miiba midogo kwenye matawi ya seli kubwa. Wengine walidai miiba hiyo ni takataka za fedha. Yeye alishikilia kuwa ni sehemu ya seli. Utafiti wa baadaye ulimpa haki, kwani kwenye miiba kama hiyo ndiko seli nyingi hupokelea jumbe za kuchochewa.

Majarida aliyoyatuma hayakujibiwa. Oktoba 1889 akafunga safari kwenda Berlin, kwenye mkutano wa chama cha wataalamu wa maumbile ya mwili cha Ujerumani. Alibeba hadubini yake na vioo vyake kwa nauli aliyojilipia. Kijerumani hakukijua, na Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Alichofanya ni kusimama kando ya meza na kuwaomba waliopita wachungulie. Mmoja aliyechungulia alikuwa mzee Albert von Kölliker wa Würzburg, aliyeheshimiwa kuliko wote mkutanoni, na ambaye mwenyewe alikuwa ameunga mkono wazo la wavu. Kölliker alitazama kwa muda mrefu. Akabadili msimamo wake, akamchukua mgeni na kumtambulisha kwa wenzake, na uzeeni mwake akajifunza Kihispania ili asome kazi za Cajal. Si wakuu wengi wa elimu wanaokubali kukosea mbele ya mtu asiye na jina.

Mwaka wa 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer alizipa seli hizo jina la niuroni. Cajal alihamia Madrid mwaka wa 1892, na mnamo 1894 alialikwa London kutoa mhadhara mbele ya Royal Society. Mwenyeji wake alikuwa Charles Sherrington, mwanasayansi aliyekuja kubuni neno sinapsi kwa ajili ya pale mahali ambapo niuroni mbili hukutana. Inaelezwa kuwa chumba cha mgeni kiligeuzwa maabara na kufungwa kwa ufunguo kila asubuhi.

Seli zenye nyuzi fupi

Mnamo 1899 Chuo Kikuu cha Clark, jimboni Massachusetts, kilimwalika kwenye sherehe za kutimiza miaka kumi. Ulikuwa mwaliko mchungu. Mwaka mmoja tu nyuma, Marekani ilikuwa imeishinda Uhispania vitani na kuinyang'anya Cuba, kisiwa kile kile kilichomnyonya Cajal damu. Alikwenda hata hivyo, akazungumzia gamba la ubongo wa binadamu.

Katika gamba hilo alikuwa ameona makundi mawili ya seli. La kwanza ni seli zenye umbo la piramidi, ambazo uzi wake mkuu huenda mbali, hata kufika uti wa mgongo. La pili ni seli ndogo zenye nyuzi fupi zisizotoka nje ya mtaa wake. Golgi alikuwa ametangulia kuzitenga aina hizo mbili, akazihusisha hizo fupi na kazi ya kuhisi. Cajal hakukubaliana naye. Alizichora kwa mamia: zenye nyuzi zilizofumwa kama vikapu, zenye vichipukizi vifupi kama manyoya ya ndege, na zile zilizomwaga nyuzi juu na chini kama shada mbili za maua au mkia wa farasi. Kila alipolinganisha ubongo wa binadamu na wa wanyama wengine, alipata kwamba seli fupi za binadamu ni nyingi zaidi na zenye maumbo tata zaidi. Akafikia uamuzi kuwa siri ya ubora wa akili ya binadamu imo humo.

Lakini hufanya nini? Hapo ndipo fedha ya Golgi ilipomwacha njiani. Njia hiyo huonyesha umbo, wala haisemi kazi. Mchoro wa mtu aliyesimama hauelezi iwapo anaita au ananyamazisha. Wanasayansi wa karne ya 19 walijua kuwa neva zinaweza kuzuia, kwa mfano ile inayopunguza mapigo ya moyo, lakini hakuna aliyejua kwamba ndani ya ubongo zimo seli zilizoumbwa mahsusi kwa kazi hiyo. Cajal akadhani seli fupi ni ghala za nguvu, zinazoongeza kasi ya jumbe zinazopita. Kwa nyingi kati ya seli hizo, dhana hiyo ilikuwa kinyume cha ukweli.

Tuzo ya Nobel ya 1906 iliwaweka Cajal na Golgi jukwaa moja mjini Stockholm. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana, na haikuwa ya furaha. Golgi aliutumia mhadhara wake kuitetea nadharia ya wavu na kuishambulia ile ya niuroni, kana kwamba miaka 20 ya utafiti haikuwapo. Cajal alizungumza siku iliyofuata, akieleza alichokiona na kumtaja Golgi kwa heshima. Katika maandishi yake ya baadaye, hata hivyo, hakuficha uchungu wake. Ni kichekesho kilichoje kwamba mtu aliyetengeneza ufunguo ndiye aliyekataa kuwa mlango umefunguka!

Sifa hazikumbadilisha sana. Alikataa uwaziri wa elimu mwaka huo huo wa 1906, na awali alikuwa ameomba mshahara aliotengewa wa kuongoza taasisi ya serikali upunguzwe. Aliandika hadithi fupi za kisayansi, akachapisha kitabu kuhusu upigaji wa picha za rangi, na kwa miaka mingi akafundisha vijana. Waliopita mikononi mwake ni pamoja na Pío del Río Hortega, Fernando de Castro na Rafael Lorente de Nó. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali katika mabishano, na uhusiano wake na Río Hortega uliingia doa hadi kijana huyo akaondolewa maabarani mnamo 1920.

Cajal alifariki Madrid Oktoba 17, 1934, akiwa na miaka 82, miaka minne baada ya Silveria. Hadi siku za mwisho alikuwa akiandika kutetea niuroni zake. Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka nchini mwake, na wanafunzi wake wakatawanyika. Río Hortega alikufa uhamishoni Buenos Aires mwaka wa 1945.

Protini zatoa ushahidi

Jibu la swali alilolikosa lilikuja kwa mikono ya wengine, na lilikuja kwa mafungu. Mnamo 1950 watafiti nchini Marekani, akiwemo Eugene Roberts, walitambua ndani ya ubongo kemikali iitwayo GABA. Baadaye ilibainika kwamba hiyo ndiyo kemikali kuu ya kutuliza: seli inapoimwaga kwenye sinapsi, seli jirani hupungukiwa na uwezo wa kutuma ujumbe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Eccles na wenzake walipima umeme wa ubongo mdogo wakaonyesha kuwa vikapu vya Cajal hutuliza. Mwaka wa 1964 Masao Ito wa Japani na mwenzake walionyesha kuwa hata zile seli kubwa zilizomo ndani ya vikapu, ziitwazo seli za Purkinje, nazo ni za kutuliza.

Kupima umeme wa seli moja moja, hata hivyo, ni kazi ya kutafuta sindano ndani ya ghala la nyasi. Ilihitajika alama ambayo mtu angeitazama na kusema: hii ni ya kutuliza, ile siyo. Alama hiyo ikawa protini.

Utaratibu wenyewe hutegemea silaha za asili za mwili. Protini inayotafutwa husafishwa na kudungwa kwa mnyama kama vile sungura, ambaye mwili wake huunda kingamwili za kuishika protini hiyo peke yake. Kingamwili hizo humwagiwa juu ya kipande chembamba cha ubongo. Hushikamana na seli zenye protini husika, na kinachosalia huoshwa. Kisha hutiwa kingamwili ya pili, iliyobeba rangi inayong'aa, ambayo huishika ile ya kwanza. Chini ya hadubini, seli zinazotafutwa huwaka kama taa za mji zinavyoonekana usiku kutoka mlimani.

Protini ya kwanza kutumiwa hivyo ilikuwa GAD, kimeng'enya kinachounda GABA. Mantiki yake haihitaji maelezo mengi: mwenye kiwanda ndiye mwenye bidhaa. Mnamo 1974 kundi la Roberts lilichapisha matokeo ya kutafuta GAD katika ubongo mdogo wa panya. Miongoni mwa mahali palipong'aa ni ncha za nyuzi zinazozizunguka seli za Purkinje. Vilikuwa vikapu vile vile vya mwaka wa 1888.

Zikafuata protini zinazoshika madini ya kalsiamu ndani ya seli: pavalbumini, kalbindini na kalretinini. Mwaka wa 1986 Mswisi Marco Celio alionyesha katika jarida la Science kwamba pavalbumini imo katika nyingi ya seli zenye GABA kwenye gamba la ubongo wa panya. Ugunduzi huo ulifungua mlango wa kuzigawa seli fupi za Cajal kwa koo. Zenye pavalbumini, ambazo nyingi ni za vikapu, hutuma jumbe kwa kasi kubwa na kuibana seli ya piramidi karibu na shina lake. Zenye somatostatini huibana kwenye matawi ya mbali. Koo ya tatu hutambuliwa kwa kipokezi fulani cha kemikali ya serotonini. Katika gamba la panya, koo hizo tatu hujumuisha karibu seli zote za kutuliza. Zile shada mbili za maua ambazo Cajal alizichora katika ubongo wa binadamu zimeonekana kubeba kalbindini.

Pamoja na hayo, protini nazo zina mitego yake, na mtafiti asiye mwangalifu huanguka. Pavalbumini haizuii chochote. Kazi yake ni kushika kalsiamu, na hupatikana hata kwenye misuli. Zipo seli za kuchochea, kama vile zilizo katika thalamasi, ambazo pia zinayo. Ndiyo maana mtafiti makini hatosheki na alama moja, bali huitafuta pavalbumini pamoja na GAD katika seli ile ile.

Mtego mkubwa zaidi uko upande wa kukosekana. Ubongo wa mgonjwa ukionyesha seli chache zenye pavalbumini, je, seli zimekufa, au zingali hai ila zimeacha kuiunda protini hiyo? Hili si suala la kitabuni tu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo ambao uchochezi umeushinda utulivu, na dawa kongwe kama fenobabitoni hufanya kazi kwa kuipa nguvu GABA. Katika ugonjwa wa akili wa skizofrenia, tafiti kadhaa zilizohesabu seli zimeonyesha kwamba zilizofifia ni alama, ilhali seli zenyewe zingalipo. Tofauti hiyo ni sawa na tofauti kati ya nyumba iliyobomoka na nyumba iliyozima taa. Seli iliyokufa hairudi, lakini iliyonyamaza huenda ikaamshwa, na mtafiti wa dawa akikosea hapo atatumia miaka akitibu ugonjwa usiokuwapo.

Kuhusu dai la Cajal kwamba binadamu amejaliwa seli fupi nyingi, mizani imeelemea upande wake. Utafiti uliochapishwa na Science mnamo 2022, uliotumia hadubini ya elektroni kulinganisha gamba la panya na la binadamu, ulikadiria kuwa sehemu ya seli hizo kwa binadamu ni takriban mara mbili na nusu ya ile ya panya. Miunganiko ya seli za kutuliza zenyewe kwa zenyewe ilizidi kwa karibu mara kumi. Jambo alilolihesabu kwa jicho na fedha nyeusi lilikuwa kweli; alichokosea ni kazi yake.

Michoro yake, barua zake na vioo vyake vilibaki Madrid, kwa muda mrefu bila ya jumba la makumbusho la kuvitunza, jambo ambalo wanasayansi wa Uhispania wamelilalamikia mara nyingi. Mnamo 2017 UNESCO iliiingiza hazina hiyo, pamoja na kazi za wanafunzi wake, katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Vioo hivyo ni maelfu, vimeandikwa kwa mkono wake, na vingi vingali vinaweza kuwekwa chini ya hadubini na kutazamwa. Seli alizozitia fedha zaidi ya karne moja iliyopita bado ni nyeusi.